Si Kitambaa cha Mama Mwangi Kilichochoma Ile Mashine

Vijana wangu wa bisibisi, nyinyi mnaounganisha kompyuta za michezo kwenye vyumba vya juu vya River Road, najua mnakijua kisa cha mama wa Mutuini. Mwanawe alikuwa na mashine kali ya michezo, mama akaifunika kitambaa cha kufuma kama alivyofunika redio, meza na migongo ya viti, mashine ikakosa hewa na ikaungua. Hapo kila mtu hucheka. Kisa hicho kimekua midomoni mwenu. Wengine mmeweka chombo cha maua juu ya kitambaa, na juzi nimesikia kwamba mama aliyamwagilia hayo maua maji.

Kisa hicho kilitoka kwangu. Naitwa Wafula, yule aliyekuwa na duka dogo ghorofa ya pili, mlango wa tatu ukitoka kwenye ngazi, kabla mgongo haujanikatalia kuinama juu ya meza. Nilikisimulia kwa miaka sita, kwa wateja, kwa mafundi wenzangu, kwa kila aliyekuja kujifunza kazi kwangu. Ni uongo. Kitambaa hakikuchoma kitu. Aliyeichoma mashine ile ni mimi, na nilijua hivyo siku ileile nilipoifungua.

Nimeanza kuandika haya mara nne. Mara tatu za kwanza nilijikuta nimeshaanza kujitetea kabla ya kufika mstari wa tano, nikachana karatasi. Nina aibu, vijana. Sina neno lingine la kulipamba.

Ngoja niwaambie kilichonitoa nyumbani. Mwezi uliopita nilitoka kwangu Dagoretti nikaenda mjini kununua kebo, nikaingia kwa fundi mmoja niliyemfunza mwenyewe. Jina lake nitalihifadhi, maana kosa si lake. Mbele yake alikuwepo mwanamke aliyeleta mashine ya bintiye, iliyopata moto kupita kiasi na kukataa kuwaka. Fundi hakuwa hata amegusa skrubu.

"Mama, mlikuwa mnaiweka wapi?" akauliza.

"Kwa meza tu, pale sitting room."

"Na mlikuwa mnaifunika?"

Yule mama akafikiria. Alikuwa mtu mkweli, ilionekana. "Labda siku moja hivi, tukipiga deki."

"Aaah, basi! Unaona? Kuna mathe wa Mutuini alichoma yake hivyo tu. Hapo warranty haiko, mama yangu." Halafu akanigeukia akitabasamu. "Muulize huyu mzee. Ni yeye alishughulikia hiyo."

Wote wawili wakaniangalia. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Naam, nilitikisa, hata sasa kichwa hicho nakionea haya. Yule mama akasema, "Woiye, poleni, mimi sikujua," akimwomba radhi mtu aliyemuuzia kasha lenye uso wa plastiki usio na tundu hata moja. Nililiona kasha hilo kwa macho yangu. Nililipia kebo nikashuka ngazi.

Kesho yake nilirudi nikamwambia fundi ukweli wote, akampigia yule mama simu, na siku hiyohiyo akambadilishia kasha na kilichoharibika. Hilo lilikuwa jambo jepesi. Zito lilikuwa limebaki Mutuini, umbali wa mtu kutembea kutoka mlangoni kwangu, na kwa miaka sita sikuwahi kuelekeza mguu huko.

Lakini siwezi kuwaonyesha nilikosea wapi bila kuongea kidogo juu ya kasha, lile sanduku linalobeba mashine yote, maana wengi wenu bado mnalichagua kama mtu anayechagua viatu vya harusi.

Aliyenifunza mimi ni fundi mmoja mrefu wa kutoka Ugenya, Ondiek, ambaye sasa amerudi kwao kufuga. Enzi hizo makasha yote yalikuwa ya bati, rangi ya maziwa yaliyokaa sana, na wateja walikuwa wakiliita kasha zima sipiyu. Kwenye saiba, yale maduka ya intaneti, tulikuwa tunatoa ubavu mmoja na kuelekeza feni ya mezani ndani, na kazi inaendelea. Hakuna aliyeuliza kasha linapendeza au halipendezi. Liliwekwa chini ya meza pamoja na miguu ya watu.

Ondiek alikuwa na mtindo wake wa kununua kasha, na ulinitia haya kila tulipokwenda pamoja kwa wauzaji wa jumla. Alikuwa akilifungua, anaingiza mkono wa kushoto ndani, halafu anaweka mdomo kwenye uso wa kasha na kupuliza kwa nguvu zake zote, mashavu yamemjaa. Watu walisimama kutazama. Muuzaji mmoja alimwuliza kama analibusu.

"Napuliza nione kama mkono wangu utasikia," alijibu bila kucheka. "Nisiposikia upepo, hiyo ni sanduku ya kuweka nguo. Mimi siuzi nguo."

Hayo ndiyo masomo yote, kusema kweli. Mengine ni nyongeza. Uso wa kasha uwe wa wavu, si wa kioo wala plastiki nzima, na wavu wenyewe uwe mwepesi kiasi cha kuona mwanga ukilishika kasha mbele ya dirisha. Kama uso ni wa kioo, tafuta nafasi ya pembeni ambayo hewa itapita, na isipotosha kupitisha kidole achana nalo. Kichujio cha vumbi kiwe cha kuchomoka bila kuita fundi, hasa kwa mteja wa Mutuini, Waithaka au popote barabara ni ya murram, ile ya vumbi jekundu, maana huko baada ya wiki mbili kichujio kinafanana na mkeka. Miguu ya kasha iwe mirefu ikiwa kuna feni chini. Na mwulize mteja ataliweka wapi. Kuna mtu nilimuuzia kasha zuri kabisa lenye wavu kote, akaenda akalifungia ndani ya kabati la meza, akanipigia simu analalamika kwamba kabati linanuka kama chapati imeungua.

Feni nazo zina uso na mgongo. Uso ndio upande ulio wazi, unaopendeza, mapanga yanaonekana yote. Mgongo ndio upande wenye zile mbavu za plastiki zinazoshika mota katikati. Hewa huingia kwa uso na kutokea kwa mgongo. Ukisahau, washa kipande cha dawa ya mbu, ile iliyozungushwa, ukisogeze karibu na feni; moshi utakwambia. Baadhi ziingize, baadhi zitoe. Nimewafunza haya makumi ya watu. Niliyajua haya kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na ndiyo maana sina pa kujificha.

Mama Mwangi alikuja dukani na mwanawe, Mwangi, mwezi wa Julai. Yeye ni mwenyeji wa Mutuini tangu babu zao, ana shamba dogo na nyumba chache za kupangisha alizojenga kwenye kona ya shamba hilo. Mwangi alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa hodari wa michezo ya kompyuta, na timu moja ya vijana wanaoshindana ilikuwa imemwambia itamchukua ikiwa atakuwa na mashine yake mwenyewe. Mama alikuwa amemuuzia mchinjaji wa Dagoretti mtamba aliyemlea mwenyewe kwa chupa. Aliniambia hilo kwa fahari, akimshika mwanawe bega.

"Mimi hizo vitu sielewi," akasema. "Lakini huyu akicheza watu wanakuja kumuangalia. Fundi, mtengenezee kitu ya maana."

Mwangi alitaka kasha la kioo. Ndiyo yalikuwa yameingia wakati huo: kioo mbele, kioo ubavuni, na ndani feni tisa zenye taa za rangi. Nilikuwa na moja dirishani, na kwa wiki nzima vijana walikuwa wakisimama kulipiga picha. Nilikuwa na lingine pia, jeusi, la wavu, sura ya kreti ya soda. Ondiek angempa lile la wavu na kumfukuza akikataa. Mimi nilisema, "Chaguo lako, kijana. Na hilo la kioo si baya." Nilitaka kuonekana fundi wa kisasa, nisije nikaitwa mzee wa sipiyu. Kasha lenyewe lingeweza kufanya kazi kama feni zingewekwa sawasawa, za chini na za ubavuni zikiingiza na za juu na nyuma zikitoa.

Nikaziweka sawasawa. Halafu nikawasha taa nikasimama mbele, na nikaona kitu kisichonipendeza. Feni za chini na za ubavuni zilikuwa zimenipa mgongo. Ukiangalia kupitia kioo uliona mbavu za plastiki na kibandiko cha mota, taa zimejificha nyuma. Feni inayoingiza hewa lazima ikupe mgongo ukiwa unaiangalia kutoka ndani. Nikazitoa zote sita nikazigeuza. Sasa taa zikaonekana, mviringo baada ya mviringo, na kasha likang'aa vizuri kuliko lile la dirishani. Mwangi alisema, "Mzee, umeua!" Mama yake akapiga makofi.

Nilikuwa nimeacha feni tisa zinazotoa hewa, na hakuna hata moja inayoingiza. Zile tatu za chini zilikuwa zinainyang'anya hewa kadi ya picha, kile kipande kinachochora mchezo kwenye skrini, ambacho ndicho hupata moto kuliko vyote. Na kadi yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwa ya mtumba kutoka ng'ambo, imeshatumika.

Nilijiambia hakuna shida. Niliijaribu mashine saa mbili nzima, haikupanda joto. Lakini ilikuwa Julai, vijana, baridi ile ya Nairobi ya kuvaa koti ndani ya nyumba, dirisha la duka liko wazi, na ubavu wa kasha nilikuwa bado sijaufunga. Nikajipongeza, nikaufunga, nikapiga picha ya kuweka kwenye simu.

Wakarudi Februari. Mnaijua Februari yetu, jua linavyochoma. Mwangi alibeba kasha, mama amebeba nyaya kwenye kiondo. Kwa miezi mashine ilikuwa imeanza kujizima yenyewe, na sasa ilikuwa imekufa. Shindano la kwanza la Mwangi na ile timu lilikuwa limebaki wiki tatu. Alikuwa ametoa macho tu.

Nilifungua ubavu. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia kwa kila ufa kwa sababu feni zilikuwa zinavuta hewa kutoka kila mahali isipokuwa kwenye vichujio. Niligusa kadi, nikainusa, nikajua imeungua. Halafu nikaziona zile feni sita zinaniangalia kwa nyuso zao nzuri. Nilijua palepale. Sikuhitaji dawa ya mbu.

Nilikuwa bado nimeinama nikitafuta la kusema, ndipo Mama Mwangi akanipa njia bila kujua.

"Na vile nimekuwa nikiichunga," akasema kwa huzuni. "Mimi hata naifunikanga na kitambaa, vumbi isiingie."

Nikainua kichwa. "Unaifunika?"

"Eeh. Ikiwa imezimwa. Tukienda kanisa."

"Juu hapa, kwa haya matundu?"

"Ikiwa imezimwa, fundi. Mwangi mwenyewe ndio huzima."

"Sasa mama," nikasema, na sauti yangu nilikuwa nimeifanya ya upole, ya daktari, "hii kitu hupumua huku juu. Ukiifunika, inajichoma yenyewe. Si makosa yako, wewe hukujua."

Akasema tena kitu, nikaongea juu yake. Nilikuwa namweleza Mwangi habari za hewa moto kupanda juu, kwa maneno makubwa, upesi upesi, nisimwache mtu apate pumzi ya kuuliza. Mwangi hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amegeuka kumwangalia mama yake.

"Mum," akasema. "Usiwahi gusa kitu yangu tena."

Hakupandisha sauti. Mama akajibu, "Sawa, baba," kama unavyomwita mwanao unapombembeleza, akaweka zile nyaya chini ya meza yangu taratibu, nyaya tu ambazo haziwezi kuvunjika.

Dakika moja tu ingetosha. Ningesema, ngojeni, nimeona kitu. Ningekula hasara ya kadi moja na maneno ya siku mbili. Badala yake niliwaambia warudi baada ya siku nne, na walipoondoka nikafunga mlango nikazigeuza feni zile zote sita kama nilivyoziweka mwanzo. Niliwauzia kadi nyingine, dhaifu kidogo, kwa bei niliyoiita ya huruma. Walinishukuru. Mwangi alipelekwa na timu kwenye shindano lakini hakuwa na mazoezi, akakaa benchi, na baadaye wakamchukua mwingine.

Baada ya wiki mbili Mama Mwangi alipanda ngazi zile akiwa na mfuko wa maparachichi ya shambani kwake. Alikuja kusema ahsante kwa kuwa sikumkaripia. Aliniita mtu wa Mungu. Niliyapokea yale maparachichi, nikala yote na familia yangu, na yalikuwa matamu.

Mnaweza kufikiri kwamba baada ya hapo ningenyamaza tu. Hapana. Nilianza kusimulia. Mara ya kwanza ni mteja aliyeniuliza kama ni vibaya kufunika mashine, nikamwambia kuna mama mmoja wa Mutuini. Alicheka sana. Nikagundua kwamba nikimsimulia mtu kisa hicho ananiamini kuhusu mambo mengine yote. Basi nikakikuza. Nilianza kuiga sauti yake, na lafudhi yake ya Kikuyu, mimi Mbukusu ambaye watu wameniiga lafudhi tangu nishuke Nairobi. Niliiga anavyosema "vumbi isiingie". Kila nilipokisimulia kosa langu lilizidi kuwa lake, hata ikafika mahali nikisema mwenyewe naona kitambaa, sioni feni.

Hayo ndiyo niliyobeba nikienda Mutuini asubuhi baada ya kumaliza mambo ya yule mama wa River Road. Niliulizia nyumba ya Mama Mwangi penye duka la unga, nikaonyeshwa geti la kijani baada ya nyumba mpya za kupangisha. Nilisimama pale getini nikitumaini hayupo. Alikuwepo. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, amezeeka kidogo, na ilimchukua muda kunitambua.

"Si wewe ni fundi wa Mwangi?" Akafuta mikono. "Karibu, karibu ndani! Wacha niweke chai."

Sebule yake ilikuwa kama nilivyoisimulia kwa kejeli miaka yote ile, viti na meza vyote vimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa vizuri sana. Lakini televisheni haikuwa na kitambaa. Ilikuwa imechomolewa ukutani, waya umezungushwa vizuri kwa nyuma, na mbele yake pamewekwa stuli kana kwamba mtu amezuia njia. Nilimwuliza kama imeharibika.

"Hapana, ni mzima. Mimi sishikangi hizo vitu. Mwangi akikuja ndio huwasha."

"Na huja mara ngapi?"

"Krismasi hukuja. Anakaa Rongai siku hizi." Akanimiminia chai. "Nikienda kwake mimi hukaa tu pale kwa kiti. Nikitaka kuweka kikombe kwa meza namuuliza kwanza kama ni sawa. Hata simu yangu nachajisha kwa jirani, yeye ndio huchomeka. Si unajua mimi nina mkono mbaya na mambo ya stima."

Aliyasema hayo bila kulalamika. Aliyasema kama mtu anayekwambia ana miguu mifupi.

Kikombe nilikirudisha kwenye meza. Nikamwambia. Nilianza na feni, nikaona macho yake hayafuati, nikaacha feni. Nikasema, "Mama Mwangi, ile mashine niliiharibu mimi. Niliifunga vibaya ili taa zionekane vizuri. Nilijua siku ile mliileta. Nikakusukumia wewe."

Jogoo alikuwa anatembea kwenye mlango, Mama Mwangi akamwangalia yule jogoo.

"Kwa hivyo haikuwa kitambaa?"

"Haikuwa kitambaa."

"Na nilikuambia nafunikanga ikiwa imezimwa."

"Uliniambia."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara tatu," akasema Mama Mwangi. "Ya tatu uliongea juu yangu. Nimekuwa nikiikumbuka hiyo ya tatu. Nilikuwa nafikiria, labda ningesema kwa nguvu."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama kuna watu wengine wanaojua hicho kisa cha kitambaa. Hapo ningeweza kudanganya tena, na nawaambia kweli, wazo lilinipitia. Nikamwambia kwamba kisa chake kinasimuliwa katika jengo zima, na kwamba mimi ndiye niliyewafunza watu kucheka, na nikamwambia kuhusu sauti. Hilo la sauti ndilo lililomuuma. Aligeuza uso.

"Mimi naongeanga aje?" akauliza.

Nililia, vijana, mzee wa miaka sitini na nane, kwenye kiti chenye kitambaa chake nyuma ya kichwa changu.

Alitoa simu mfukoni mwa aproni, kadogo ka kubonyeza, akampigia mwanawe, akaongeza sauti na kuninyooshea. "Mwambie yeye. Vile umeniambia. Usianze na hizo mafeni."

Nilimwambia Mwangi. Nilisikia kelele za karakana anakofanya kazi siku hizi, halafu nikasikia akitembea, kelele zikapungua.

"Buda," akasema, "unajua nilimwambia nini hiyo siku?"

"Nilikuwepo. Nilisikia."

"Na ukaniacha nikaongea hivyo kwa mathe."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi. "Mpatie simu."

Mama Mwangi aliichukua akatoka nayo nje, akasimama karibu na zizi akinipa mgongo. Sikumsikia akisema zaidi ya "eeh", na "hapana baba, wacha", na tena "eeh". Mara moja alijipangusa uso kwa kona ya leso yake. Chai yangu ilikuwa imepoa. Nilikaa pale kama mtu aliyesahauliwa hospitalini, na nikaona ni sawa nisahauliwe.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa amenyooka. Alisogeza ile stuli kando, akaukunjua waya wa televisheni, akauchomeka ukutani mwenyewe. Taa ndogo ikawaka. Aliiangalia kwa muda.

"Amesema anakuja Jumapili," akasema. "Na mtoto wake. Anataka nimpikie githeri, ile ya ndengu."

Nilifurahi, nikasahau nafasi yangu. Nikamwambia kwamba ningependa kuja nami hiyo Jumapili, nimwombe Mwangi msamaha uso kwa uso, nibebe hata mkate.

"Hapana, fundi. Hiyo siku usikuje, hiyo ni yetu." Alichukua kikombe changu, akamwaga chai iliyopoa kwenye beseni. "Wewe uko na watu wako, wale uliwachekesha na mimi. Enda kwa hao."

Ndiyo nimekuja kwenu.